Redio Iliyokuwa Nzima

Harufu ya risasi inayoyeyuka ndiyo iliyonikuza. Wenzangu wa mtaa wa Mlandege wakikumbuka utoto wao watataja maandazi ya asubuhi au vumbi lililopigwa na mvua ya kwanza. Mimi nikifumba macho nanusa moshi mwembamba, mkali, unaowasha pua, ukipanda kutoka kwenye ncha ya chuma cha kulehemu na kuja moja kwa moja kitandani kwangu. Chumba changu ndicho kilikuwa chumba cha redio za Baba. Nasema changu kwa kujipa moyo tu, maana mimi nilikuwa na kitanda kando ya ukuta, na redio zilikuwa na kila kilichobaki: meza, dirisha, rafu, na hata uvungu wa kitanda chenyewe. Zilikuwepo redio za mbao zilizomzidi Baba umri, mashine za santuri zisizo na sindano, redio kaseti zilizofunguliwa matumbo, na spika zilizotoboka karatasi. Sikuzipenda. Nalisema hilo mapema kwa sababu watu wakisikia habari za baba mwenye mikono ya namna ile hudhani mtoto alikaa pembeni akimshikia tochi kwa mahaba. Mimi nilitaka kulala. Nilizipendea jambo moja tu: zile kubwa za zamani, ambazo ndani yake mna taa za kioo zinazowaka rangi ya chungwa, zilipasha chumba joto, na Iringa mwezi wa sita, upepo unapopanda kilima kutoka bondeni, mtu hachagui wa kumtia joto.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Kutengeneza redio haikuwa kazi yake wala haikumpa kitu. Yalikuwa mapenzi tu, jinsi wengine walivyopenda bao na wengine pombe ya ulanzi. Alianza kujifundisha mwenyewe tukiwa bado Rujewa, kabla hajahamishiwa Iringa, na tulipohama lori lilibeba redio nyingi kuliko vyombo vya jikoni. Akisikia redio ya mtu imekufa alikwenda kuiona kwa heshima ile ile ya kumjulia hali mgonjwa, akiketi, akiuliza ilianzaje, ilikoroma au ilizimika ghafla. Watu walimletea, akazifufua, na wenyewe mara nyingi hawakurudi kuzichukua kwa kuwa walikwishanunua mpya. Rafiki yake mkubwa alikuwa Babu Shomari, mzee mwenye duka la vitambaa mjini, ambaye wazee wake walipanda huku kutoka pwani zamani na kuacha nyuma ya duka ghala lililojaa vitu vya enzi zao. Ni yeye aliyempa Baba redio kubwa kuliko zote, ndefu kama kabati la vyombo, yenye mfuniko juu na mashine ya santuri chini ya mfuniko. Baba aliipangusa, akaipaka nta, akaitia waya mpya, kisha akaunganisha humo redio kaseti ndogo ili hata kanda ziimbe kwa sauti ya mbao. Hiyo ndiyo iliyowekwa sebuleni. Mama alikubali kwa sharti moja, kwamba hataona bisibisi mezani wakati wa chakula.

Sasa nimseme Mama. Mama ni Msangu wa Rujewa, na kabla hatujahama alifanya kazi miaka mingi kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Kazi yake ilikuwa kusimama pale mpunga unapomiminwa, ndani ya banda la mabati, katikati ya mngurumo ambao nikiwa mdogo uliniliza nilipopelekwa kumwona. Wanawake wa mashine walikuwa na namna yao ya kuzungumza. Hawakupiga kelele, kwa sababu hakuna kelele ya mtu inayoishinda mashine. Walitazamana midomoni, wakapeana habari ndefu, umbea wote wa mji, kwa midomo na vidole tu, na kucheka bila mtu wa nje kusikia neno. Mama alitoka na desturi hiyo. Ukizungumza naye alikutazama mdomo, si macho, na sisi nyumbani tulijua kwamba ndivyo alivyo. Wageni walidhani ni aibu au ni adabu. Hakuna aliyefikiri zaidi ya hapo, na nani angefikiri? Mtu anayekujibu sawasawa humuulizi amekusikiaje.

Kitu ambacho Mama alikipenda nje ya nyumba yake kilikuwa kwaya ya kanisani. Alikuwa sauti ya pili, na mwaka ule ninaousimulia mwalimu wa kwaya alimpa heshima ambayo hakuwahi kupewa: kuwa mwanzishaji wa wimbo wa Sikukuu ya Mavuno. Anayejua sikukuu hiyo kwa makanisa yetu ya huku hahitaji maelezo, lakini kwa asiyejua, ndiyo siku waumini wanapobeba mazao yao mpaka mbele ya madhabahu, mahindi, maboga, kuku waliofungwa miguu, hata mbuzi wanaovutwa kwa kamba, kisha baada ya ibada vitu vyote vinapigwa mnada uwanjani. Kwaya huimba wakati watu wanapita na mazao, na mwanzishaji husimama hatua moja mbele ya wenzake, akitazamana na kanisa zima. Kwa mwanamke mgeni, tena aliyetoka uwanda wa mpunga kuja kuishi kwa Wahehe wa mlimani, hilo lilikuwa jambo. Mama hakusema amefurahi. Alianza tu kuipiga pasi sare yake ya kwaya, majuma mengi kabla ya siku yenyewe.

Wimbo ulikuwa mpya. Mwalimu wa kwaya aliuimba mwenyewe kwenye kanda, akampa Mama aende nao nyumbani. Basi kila jioni, mboga zikiwa jikoni, Mama aliiweka kanda, akasimama mbele ya redio kubwa na mwiko mkononi, akasikiliza kwa uso uliokunjamana. Hapo ndipo taabu ilipoanza. Alisema redio inanung'unika. Alisema ngoma zinasikika vizuri lakini maneno hayatoki, yanabaki humo humo ndani. Baba aliyapokea malalamiko hayo kama daktari, kwa utulivu na kwa furaha kidogo ambayo hakuificha vizuri. Akaifungua redio. Akabadilisha kapasita, akasafisha kichwa cha kaseti kwa pamba na spiriti, akafuta kutu kwenye swichi. Mama akajaribu tena. "Afadhali," alisema siku ya kwanza. Kesho yake akasema imerudi kule kule. Baba akatoa spika, akatia nyingine. Akatafuta taa nyingine za kioo kwa Babu Shomari. Kila alichofanya kilimridhisha Mama kwa jioni moja, na jioni iliyofuata redio ikawa imeugua tena, na moshi wa risasi ukaja kitandani kwangu.

Mimi nilikuwa naisikia ile redio vizuri. Nilikuwa naujua wimbo wote, beti na kiitikio, bila kutaka, na nilishangaa jinsi watu wazima wawili wanavyoweza kuhangaika na kitu kisicho na ubaya wowote. Lakini kwetu mtoto hakuulizwa maoni yake kuhusu redio. Mama aliongeza sauti, kisha akaiongeza tena, mpaka vikombe vikatetemeka kabatini na jirani yetu Mama Neema akaja kusimama mlangoni, mikono kiunoni, akicheka ili asionekane anagombeza. "Kamwene," alisalimu, kisha akamgeukia Baba. "Mwalimu, kwani redio yenu hii inaumwa nini? Mnaitibu kila siku haisikii. Sikio la kufa halisikii dawa, itupeni!" Sote tulicheka. Mama naye alicheka, ila alichelewa kidogo, akatutazama sisi kwanza. Niliona hilo wala sikulitilia maanani.

Baada ya hapo ndipo umeme ulipokatika. Ilikuwa mapema jioni, ndio kwanza tumenawa mikono, ugali unafuka moshi, na giza likaingia sebuleni ghafla. Baba akauliza kibiriti kiko wapi. Mama hakujibu. Akauliza tena, kwa jina lake la nyumbani, "Mama Upendo, kibiriti?" Mama alikuwa amekaa karibu yake kiasi cha kugusana mabega, na bado alikuwa kimya, na katika kimya kile nilimsikia anapumua. Mimi nikainuka nikakitafuta jikoni. Mshumaa ulipowaka nilimkuta Baba amemgeukia Mama, anamtazama. Alirudia swali lake la kibiriti ingawa mshumaa ulikuwa tayari unawaka, na Mama, akimtazama mdomo, akajibu mara moja: "Si kiko pale pale juu ya jiko?" Kisha akaanza kula. Baba naye akala, polepole sana. Baadaye akapuliza mshumaa, akidai ni upepo umeuzima, akasema neno gizani ambalo nililisikia na Mama hakulisikia. Sitaliandika hapa. Lilikuwa neno la mume kwa mkewe, na lingemfanya ageuke kama angelisikia.

Toka siku ile nilianza kuamka bila harufu. Ilinichukua muda kugundua ni nini kimepungua chumbani. Baba aliendelea kukaa mezani kila jioni, redio kaseti ikiwa wazi mbele yake, chuma cha kulehemu mkononi, miwani puani; lakini chuma kilikuwa cha baridi. Waya wake ulikuwa umelala sakafuni, haukuchomekwa popote. Mama akisikilizia mlangoni, au tuseme akichungulia, maana sasa najua alichungulia, Baba aliinama, akagusa hapa na pale na kile chuma kisicho na moto, akatikisa kichwa. Nilidhani amechoka. Kweli alikuwa amechoka, macho yalimwingia ndani, na shuleni walisema anakaa darasani bila kuandika ubaoni. Niliogopa anaumwa. Nilipomuuliza, alisema redio za zamani zinataka subira.

Babu Shomari alikuja Jumamosi moja kutazama redio aliyoitoa yeye. Alikuwa mtu wa maneno mengi na mzaha, kanzu safi daima hata kwenye tope la Mlandege. Mama alikuwa sokoni, akiuza mchele ambao ndugu zake walimletea kutoka Rujewa. Babu Shomari akaweka kanda, akasikiliza kidogo, akaegemeza sikio kwenye mbao, akazungusha volyumu juu na chini. "Mwalimu," alisema, "redio hii nzima kabisa. Hata ilipokuwa kwa marehemu baba haikuwa na sauti nzuri hivi. Wewe unatengeneza nini kila siku?" Baba alizima redio. Alifuta mikono kwa kitambaa ingawa haikuwa na uchafu, na alimjibu kwa sauti ya chini nikiwa nyuma ya pazia la chumba changu: "Namtafutia muda." Babu Shomari alimwambia kwamba la mgambo likilia lina jambo, na kwamba mficha maradhi kilio kitamfichua, wala haijalishi anayeficha ni mwenye maradhi au mumewe. Baba alisema anajua. Akasema, "Ila kwanza mavuno yapite. Acha aimbe." Niliketi kitandani nikiwa nimeshika blanketi, na ndipo nilipoelewa kibiriti, na kicheko kilichochelewa, na kila kitu. Nililia kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Niliona Baba na Mama wote wawili wananidanganya, na tangu siku hiyo ilinibidi nami nidanganye pamoja nao.

Palikuwa na sababu iliyomfanya Baba aogope, na niliijua kwa kuwa niliishi nayo Rujewa. Bibi, mamake Mama, alikuwa kiziwi. Watu walimpenda, nadhani, lakini walimpenda kama wanavyompenda mtoto mchanga. Walimpokonya jembe wakisema atajikata, walizungumza habari zake mbele yake, walimalizia mizaha yao juu ya kichwa chake kilichotabasamu. Alipofariki ilikuwa miaka mingi tangu mtu amuulize neno la maana. Mama alikuwa akilisema hilo mara kwa mara, bila machozi, akichagua mchele kwenye ungo: afadhali afe kwa ugonjwa wowote kuliko watu waanze kumcheka kwa huruma. Kwa hiyo Baba alipogundua lililompata mkewe hakuona mtu wa kupelekwa hospitali. Aliona ule ungo na yale maneno. Hapo ndipo alipokosea, kama alikosea, na mpaka leo sijaamua.

Alilofanya baadaye sikupata kuona mwanamume mwingine akilifanya. Baba hakuwa mwimbaji. Sauti yake ilikuwa imekwaruzwa na chaki, na kanisani alishika tenzi kwa adabu tu bila kufungua kinywa. Sasa akamwambia Mama kwamba tatizo la redio amelipata: ukanda wa kaseti unaburuza, kasi inabadilika, na njia pekee ya kujua unaburuza wapi ni yeye kuufuatisha wimbo kwa mdomo huku Mama akimtazama na kumwambia anapopishana nao. Uongo wa kitoto. Lakini Mama aliukubali. Wakaketi kila jioni, yeye kwenye kigoda, Mama kwenye kiti ameweka kiganja juu ya ubavu wa ile redio kubwa, ambako mbao zilitetemeka kwa kila pigo la ngoma, na Baba akautamka wimbo neno kwa neno, mdomo wazi, taratibu, akitokwa na jasho kwenye baridi ile. Pigo Mama alilipata mkononi, na maneno aliyasoma usoni kwa Baba. Alianza kuimba, na kwenye mazoezi alimfuata mwalimu wa kwaya kwa macho vivyo hivyo. Sauti yake ilikuwa sahihi, nami nilikaa chumbani nikifanya hesabu za shule ambazo hazikukubali, nikimchukia Baba kwa kuchoka namna ile na kumpenda kwa sababu hiyo hiyo.

Siku ya mavuno kanisa lilijaa harufu ya maboga na ya kuku waliolowa umande. Mama alisimama hatua moja mbele ya kwaya, sare imenyooka, uso wake kwetu. Baba alikuwa amechagua benchi la pili, upande wa kati, mahali ambapo hakuwa na kawaida ya kukaa. Mwalimu wa kwaya aliinua mkono pembeni, Baba akafungua mdomo, Mama akaanzisha. Alianzisha vizuri sana. Watu waliokuwa wamejitwika magunia walipita wakicheza kidogo, na wanakwaya wakaitikia nyuma yake. Ubeti wa kwanza ukapita, na wa pili. Kisha mazao yakawa yamekwisha kupita, mbuzi wa mwisho amefungwa kwenye nguzo, na mwalimu wa kwaya, kama ilivyo desturi wimbo unapokuwa mrefu kuliko msafara, akashusha mkono. Kwaya yote ikanyamaza. Mama hakuuona mkono, ulikuwa nyuma ya bega lake. Macho yake yalikuwa kwa Baba. Na Baba, aliyeona kila kitu, aliyekuwa na nafasi ya kufunga mdomo wake na kuyamaliza, hakuufunga.

Mama aliimba ubeti wa tatu peke yake. Hakuna ngoma, hakuna aliyeitikia. Mchungaji alikuwa ameshafungua kinywa kuomba, akakifunga. Watu waligeuziana nyuso, wengine wakidhani ndivyo wimbo ulivyopangwa, wengine wakianza kuelewa, na nilimwona Mama Neema akiweka mkono mdomoni. Bila ngoma ya kuishika, sauti ya Mama ilianza kupanda, ikaiacha tuni aliyokuwa ameanza nayo, ikaenda zake. Ndipo Baba alipotoa sauti. Sauti ile mbaya ya chaki, mara ya kwanza na ya mwisho kuisikia ikiimba kanisani, ilitoka kwenye benchi la pili, akasimama kabisa, wakaumaliza ubeti wakiwa wawili, wakiachana njia, hakuna mmoja aliyekuwa kwenye sauti ya mwenzake. Walipofika mwisho Mama aligeuza kichwa, akaona midomo ya wanakwaya nyuma yake imefungwa. Sijui ni kwa muda gani ilikuwa imefungwa, macho yake yalisema. Hakuanguka wala hakukimbia. Alirudi hatua moja nyuma, kwenye mstari, akasimama na wenzake.

Hatukubaki kwenye mnada. Tulipanda mtaa, upepo ukituchapa, na tulipofika nyumbani Mama alivua kitambaa cha kichwa, akaketi kwenye kile kiti, akaweka kiganja juu ya redio iliyozimwa. Baba alivuta kigoda, akakaa mbele yake, uso kwa uso.

"Redio iko nzima," Mama alisema.

"Nzima."

"Toka lini?"

"Toka umeme ulipokatika ile siku. Labda toka zamani zote."

"Na ulikuwa unachoma nini kila siku, Baba Upendo?"

"Nilikuwa sichomi kitu. Nilikuwa sitaki ujue kama nimejua."

Mama alimtazama mdomo mpaka ulipotulia. "Mimi nilianza kujua kule kule mashineni," alisema. "Nikawa nasingizia redio ili wewe usijue. Nilikuwa naona mgongo wako unavyopinda pale mezani, nikasema nitamwambia kesho." Akaondoa kiganja juu ya redio. "Kwa hiyo tumechoshana bure." Baba akasema ndiyo. Kisha Mama akakasirika, na hasira yake ilikuja bila sauti kubwa: "Ila pale kanisani ungefunga mdomo. Ungefunga tu, ningenyamaza." Baba alijibu kwamba alijua hivyo, na alishindwa.

Mama aliwaambia kwaya mwenyewe, siku ya mazoezi, akiwa amesimama. Ikawa vile vile alivyoogopa. Walimwombea, wakamwekea mikono kichwani, wakaanza kumsemesha kwa sauti ya kumsemesha mtoto na kumbebea kitabu cha nyimbo. Alivumilia mpaka Krismasi, akaacha. Hospitali alikwenda, wakampima, wakamwambia alichokuwa anakijua. Nyumbani tulianza maisha mengine, ya kuwasha taa kabla ya kusema, ya kugonga meza kwanza, ya kutozungumza ukiwa umempa mgongo. Baba aliendelea na redio zake, na moshi ukarudi chumbani kwangu, lakini neno lolote alilotaka kumwambia Mama, hata la chumvi, aliacha bisibisi, akaenda alipo, akaketi mbele yake, akalisema. Alifanya hivyo kwa miaka yote iliyobaki ya maisha yake. Wakati ule niliona ni jambo la kawaida, la kuchosha kidogo kutazama.

Sasa Baba hayupo, na mimi naishi Mbeya na Mama ninaye. Nyumba ya Mlandege tumepangisha, na redio alizichukua mjukuu wa Babu Shomari, ambaye ananitumia picha za redio hizo kwa simu. Siku hizi kuna vifaa vidogo vya kutia masikioni, nilimnunulia, vinampigia miluzi, viko kwenye droo. Kuna simu ambazo ukizisemesha zinaandika, ila zinaandika Kiswahili cha ajabu, na Mama akisoma anacheka mpaka miwani inamdondoka. Kila kitu kimerahisishwa, na mimi nimechoka kuliko wazazi wangu walivyochoka. Naondoka asubuhi, narudi jioni nimebeba mifuko, nasema neno nikiwa nimeinamia friji, Mama anasema "Ee?", namgeukia, nalisema kwa haraka, anasema "Ee?" tena, na mimi naachia pumzi na kutamka yale maneno yangu mawili ninayotamka karibu kila siku: acha tu. Najiambia si jambo kubwa. Lilikuwa neno la kupita, lisilo na uzito, nani atakaa chini kwa ajili ya neno la kupita. Baba alipoteza msimu mzima wa maisha yake akiutamka wimbo usio wake kwa mdomo uliokauka, mimi sifiki mwisho wa sentensi.

Wiki iliyopita nilisema hivyo tena, acha tu, nikamgeuzia mgongo kuosha mikono. Mama alikuwa anachambua mboga. Hakuinua sauti, wala hakuonekana ameudhika; alisema kama mtu anayekumbuka jambo wakati mikono yake ina kazi nyingine. "Maneno yako mengi yananipita, Upendo," alisema. "Hilo moja halijawahi kunipita. Naliona hata ukiwa mlangoni." Maji yalikuwa yanaendelea kumwagika. Nikafunga bomba, nikavuta kiti, nikakaa mbele yake mpaka magoti yakagusana, nikaanza upya. Zilikuwa habari za nyanya za jirani zilizooza kabla hazijafika sokoni, habari ambazo hata mara ya kwanza hazikustahili kusemwa. Mama alinitazama mdomo, akauliza ni jirani yupi, nami nikamwambia.